Tunakimbia, hakuna anayetukimbiza

Asubuhi ya kwanza tulikuwa watu tisa. Tulitoka Kasongo mjini baada ya adhana ya alfajiri, giza bado kidogo, tukashika njia inayoelekea Lualaba. Kila mtu alivaa alichopata: wengine basketi za kuvaliwa za sokoni, mmoja bota zake za kazi, wawili sapato za plastiki. Hatukumwambia mtu yeyote. Tulikimbia mmoja nyuma ya mwingine, kimya, kama watu wenye haya.

Hata dakika kumi hazijaisha, tukamkuta mama mmoja anafagia mbele ya mlango wake. Alituona. Akatupa fagio, akaingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na mwingine kwa mkono, akaanza kukimbia mbele yetu, upande ule ule tuliokuwa tunaenda. Jirani yake naye akatoka na sufuria kichwani. Tuliita: « Mama, simama, hakuna kitu! » Lakini tulivyozidi kuita ndivyo alivyozidi kwenda. Mwishowe mmoja wetu akasema tukae. Tukakaa chini wote tisa, katikati ya barabara, maana mtu anayekimbia vita hawezi kukaa. Mama alipogeuka na kutuona tumekaa, akasimama. Akarudi polepole, anatetemeka kwa hasira.

« Vita iko wapi? »

« Hakuna vita, mama. Tunafanya spori tu. »

« Ninyi wazee wazima! Mutu anakimbia bila kufukuzwa? »

Tuliomba msamaha, tukarudi mjini kwa kutembea. Swali la yule mama tuko nalo mpaka leo, na ndiyo sababu tunaandika makala hii.

Neno moja, kazi mbili

Ndugu wachimbaji, mama na dada zetu, angalieni Kiswahili chetu. Mtoto anakimbia mpira, baba anakimbia vita: neno ni moja. Mkimbiaji na mkimbizi wametoka tumbo moja. Na huku kwetu kusini ya Maniema, kazi ya pili ya neno ndiyo tuliyoijua zaidi. Nani kati yetu, kama amepita miaka thelathini, hajakimbia? Kuna vita ya 1996, kuna ile ya 1998, na kisha miaka yote ya vikundi vyenye silaha, kila kijiji na mwaka wake. Kabambare kuna watoto wanaojua ni kifurushi gani cha kubeba kabla hawajajua kuandika jina lao.

Hata barabara yenyewe ina kumbukumbu. Njia ya Kasongo na Kabambare ni njia ya zamani ya misafara iliyokuwa inakwenda mpaka Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika. Wakati wa Tippu Tip watu walipita hapo na pembe za ndovu mabegani, wengine na mnyororo shingoni. Baadaye, katika vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Wabelgiji na Waarabu, watu walikimbia tena kwenye njia hiyo hiyo. Mtu anayefanya mazoezi hapo leo, bila mzigo na bila kufukuzwa, anafanya kitu ambacho wazee wetu hawakukipata kwa urahisi.

Baada ya asubuhi ile tulijifunza adabu ya kukimbia katika nchi yetu. Tulikwenda kwa shefu wa kartie, tukamweleza siku, saa na njia. Tulikwenda pia kwa askari wa barieri. Kila mtu anakimbia na karte yake ya uchaguzi, ndani ya plastiki ili jasho lisiiharibu. Hatutoki kabla mtu hajaweza kuona uso wa mwenzake. Tukiona watu tunapunguza mwendo, tunasalimia kwa sauti: mtu anayekimbia vita hasalimii. Na siku habari si nzuri, hatutoki kabisa. Wenzetu wa upande wa Kabambare kuna majuma wanazunguka uwanja wa mpira tu, mara ishirini, mara thelathini. Inachosha kichwa kuliko miguu, lakini ni mazoezi kamili, na usiku wanalala nyumbani.

« Tunachimba siku nzima, mbio za nini tena? »

Sisi si walimu wa michezo. Sisi ni wachimbaji na wadelege wa sendika, na wengi wetu tumepita miaka arobaini. Tulianza baada ya mkutano mmoja ambapo tulitaja majina ya wenzetu tuliokuwa nao shimoni miaka kumi mbele. Kila jina likifuatwa na kimya, tulijua maana yake. Mmoja udongo ulimwangukia. Mwingine malaria. Wengine kifua. Wengine lotoko iliwamaliza polepole, faranga kwa faranga. Bei ya dhahabu hatuwezi kuipanga, na shimo hatuwezi kulirekebisha kwa siku moja. Tukajiuliza: kitu gani kiko mkononi mwetu kuanzia kesho asubuhi? Mwili. Nyundo ikivunjika tunanunua ingine, mwili hakuna soko lake.

Kamarade mmoja akapinga, na neno lake lilikuwa na haki: « Tunabeba mifuko ya mawe kutoka asubuhi mpaka jioni. Hiyo si mazoezi? » Tumelifikiri sana jambo hilo. Kazi nzito inatoa nguvu ya mkono na mgongo, ni kweli. Lakini shimoni mtu anainama, anabana pumzi, anasukuma, anabana tena, na akichoka haruhusiwi kusimama. Mwendo anaupanga mkubwa, au deni. Asubuhi barabarani, mwendo unaupanga wewe. Moyo unapata kazi ya taratibu, isiyokatika, na unapumzika unapotaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Siku tatu za nusu saa tu na wewe uko tayari ndani ya hesabu hiyo. Kwa mtu anayechimba, siku tatu zinatosha. Zaidi ya hapo unakula akiba ya usingizi.

Polepole kuliko unavyofikiri

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kiume. Juma la kwanza kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba bado ni kijana. Tulikimbia kama tunafukuzia mpira. Ijumaa wanne kati ya tisa walikuwa wanachechemea, na mmoja hakuweza kushuka ngazi ya shimo. Nusu ya kikundi ilikufa kabla ya kuzaliwa.

Ndipo tulipojifunza kipimo ambacho hakihitaji saa wala mashini: mdomo. Ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo wako ni mzuri. Ukitoa neno mojamoja, umezidisha, punguza. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Hata mabingwa wanaishi kwa kipimo hicho. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, sehemu kubwa ya mazoezi yake ni mwendo mwepesi. Mbio ile haikuandikwa kama rekodi rasmi kwa sababu alipangiwa watu wa kumwongoza na kumkinga upepo, lakini miguu ilikuwa yake. Ikiwa yeye anakwenda polepole siku nyingi za juma, sisi tunamharakia nani?

Kwa anayeanza, tunashauri hivi. Majuma mawili ya kwanza: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mara nane au kumi. Majuma mawili yanayofuata: kimbia mbili, tembea mbili. Halafu tatu kwa moja, halafu tano kwa moja. Fanya siku tatu kwa juma, na kati yake siku ya kupumzika. Karibu juma la kumi watu wengi wanaweza kukimbia nusu saa bila kusimama. Asiyeweza arudie juma lile lile, hakuna mtihani wa serikali. Ukishafika nusu saa, usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa juma. Pafu linazoea haraka, mfupa na mshipa wa kisigino vinachelewa, na ndivyo vinavyoumia.

Na sheria moja ya kikundi, ambayo tuliitoa kwenye sendika: aliye mwepesi hapangi mwendo. Anayekimbia mbele leo ni yule aliyekuwa wa mwisho jana. Kijana akiona ni polepole sana, aende mbele mpaka kwenye mti fulani, arudi, azunguke nyuma ya wa mwisho. Atapata kilomita zake na hatuachi mtu.

Kamarade tuliyemwita Dizeli

Sasa tunafika mahali ambapo tunaandika kwa haya.

Kati ya wale tisa kulikuwa mmoja mkubwa kwetu kwa umri. Miaka mingi kazi yake ilikuwa kutoboa mawe kwa mashini, mawe makavu, bila maji. Juma la tatu sisi wote tulikuwa tunapata nafuu, yeye hapana. Juma la sita tulikuwa tunaongea barabarani kama watu wako sokoni, yeye hakuweza kumaliza sentensi, hata kwa kutembea. Tulicheka. Tulimwita Dizeli, kwa sababu alikuwa anachelewa kuwaka. Naye alicheka na sisi, halafu akakohoa.

Mke wake ndiye aliyetuamsha. Alikuja kwenye mkutano, akasema: « Ninyi munakimbia naye, hamuoni? Usiku shuka inaloa jasho. Suruali zake nimezipunguza mara mbili. » Tulinyamaza wote. Mwili wake ulikuwa unatuambia majuma sita, na sisi tuliuchekea.

Tulimpeleka hospitali. Makohozi yalipimwa: kifua kikuu. Picha ya kifua ikaonyesha kitu kingine chini yake, alama za vumbi la mawe kwenye mapafu. Munganga alituelezea hivi, na tunaomba kila familia ya mchimbaji isome mara mbili. Ndani ya mawe mengi yenye dhahabu muna jiwe jeupe, gumu, linalong'aa. Likitobolewa au kutwangwa linatoa vumbi laini kuliko unga, macho hayalioni. Linaingia mpaka mwisho wa pafu na halitoki. Pafu linafanya makovu, na kovu halivuti hewa. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponya. Na pafu lenye silikozi linashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko pafu lingine.

Kifua kikuu chenyewe kinapona. Dawa zake kwetu ni za bure, na matibabu ya kawaida ni miezi sita bila kuruka siku. Kamarade wetu alimaliza miezi yake sita. Jasho la usiku lilikwisha, suruali zilirudishwa kama zamani. Lakini vumbi limebaki. Hakimbii tena. Anatembea na sisi kilomita mbili za kwanza, anakaa chini ya mwembe na saa, anatuandikia muda kwenye daftari. Jina la Dizeli hatulitumii tena.

Kwa hiyo tumeongeza kitu katika mazoezi yetu. Kila juma tunasikilizana. Mtu ambaye mwezi uliopita aliweza kuongea kwa mwendo huu, na leo hawezi, hatumwiti mvivu. Tunamuuliza maswali manne: unakohoa kupita majuma mawili? Unatoka jasho usiku? Unapungua? Una homa za jioni? Jibu la ndiyo, hata moja, ni hospitali kesho. Shimoni tumezoea kuinyamazisha pumzi ili kazi iishe. Barabarani tumeanza kuisikiliza, na kwetu hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mbio.

Mbio haziondoi vumbi

Tuseme wazi, ili mtu asitumie makala hii vibaya. Kukimbia kunasaidia moyo, presha, usingizi na kichwa chenye mawazo. Hakusafishi mapafu. Mtu anayekimbia anavuta hewa nyingi zaidi, na kama hewa ni vumbi, anavuta vumbi zaidi. Msikimbie karibu na mahali mama wanapotwanga mawe. Msikimbie nyuma ya gari au moto kiangazi. Na hao mama wanaotwanga wanavuta vumbi lile lile la shimoni, mara nyingi na mtoto mgongoni. Kitambaa mdomoni kinazuia vumbi kubwa, lile laini linapita. Kinachosaidia ni maji: jiwe lilowe kabla ya kutobolewa na kabla ya kutwangwa. Nguo za kazi zibaki nje ya nyumba, na mtoto abebwe baada ya kuoga.

Mkubwa mmoja wa kazi alisikia habari za kikundi chetu, akafurahi sana. Akasema hivi ndivyo wafanyakazi wanavyopaswa kujitunza, akatuahidi fulana. Tulimshukuru. Halafu tukamuuliza tena juu ya bomba la maji kwa mashini za kutoboa, ambalo tulikuwa tumeliandikia barua. Fulana zilikuja. Maji bado tunayadai. Tunakimbia na fulana zake, na barua tunaendelea kuziandika.

Kudai si ndoto. Afrika Kusini, wachimbaji wa dhahabu wenye silikozi na kifua kikuu, pamoja na wajane wa waliokufa, walikwenda mahakamani kwa pamoja dhidi ya makampuni makubwa. Mwaka 2019 mahakama kuu ya Johannesburg ilikubali mapatano ya karibu randi bilioni 5 kwa ajili yao. Pesa hizo hazikumrudishia mtu pafu lake. Lakini zilionyesha kwamba vumbi lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuitwa kujibu.

Viatu, maji na chakula

Watu wanatuuliza kwanza juu ya viatu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa hiyo kutokuwa na basketi za bei si kisingizio. Lakini yeye hakukimbia kwenye misumari na vipande vya chupa vya kwetu. Sokoni, kwenye basketi za kuvaliwa, angalia mambo matatu. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Soli isiwe imeliwa upande mmoja, maana utarithi mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Ikunjwe mbele tu, isikunjike katikati. Bota ni za kazi, zinaua kisigino.

Maji: kikombe kabla, na vya kutosha baada. Kwetu joto na unyevu ni vingi, saa mbili asubuhi jua limekwisha kuwa kali. Chakula: usikimbie na tumbo la bugali. Ndizi moja au chai inatosha, wali na maharagi vitakungoja. Ndugu zetu Waislamu mwezi wa Ramadhani wanahamisha mbio zao nusu saa kabla ya kufuturu, mwendo mwepesi sana, au wanatembea tu, na hakuna anayewacheka. Aliyefanya kazi ya usiku alale kwanza. Usingizi nao ni mazoezi.

Na msikimbie na homa. Hapa mtu anasema « nitatoa jasho malaria itoke », na hilo ni kosa kubwa. Maliza dawa, ngoja nguvu irudi, halafu anza tena kwa kutembea. Maumivu ya misuli ya miguu yote miwili ni kawaida. Maumivu ya mfupa mahali pamoja, yanayozidi kila siku, yanataka kupumzika. Maumivu ya kifua au kizunguzungu: simama, nenda hospitali.

Siku usiyotaka

Kuanza si kugumu. Kugumu ni juma la tano, mvua imenyesha, dhahabu haikuonekana, na kitanda kina joto. Tumegundua kwamba dhahabu ikitoka watu hawaji, wana sherehe, na isipotoka hawaji, wana huzuni. Ukingoja roho ipende, utakimbia mara mbili kwa mwaka.

Kinachotusaidia ni mambo madogo. La kwanza, ahadi ya dakika kumi. Siku usiyotaka, ahidi dakika kumi tu, na ukitaka kurudi baada ya hapo, rudi bila aibu. Mara nyingi hurudi. La pili, mwembe wetu. Tunakutana chini yake, na asiyefika tunapita kwake, si kwa kumgombeza, ni kwa kuuliza habari. Mara mbili tulimkuta mtu mgonjwa, na hakuna mwingine aliyekuwa anajua. La tatu, daftari. Kilomita tulipima kwa konteri ya moto ya kamarade mmoja, kutoka mwembe mpaka daraja. Mtu akisoma mstari wake wa miezi mitatu iliyopita, hahitaji hotuba. La nne, tarehe. Mwaka una siku zetu mbili: Mei 1, siku ya kazi, na Desemba 4, siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji. Siku hizo tunakimbia kilomita kumi, kila mtu na mwendo wake, na familia ziko mwishoni na maji.

La tano lilitoka kwa wake zetu, na hatukulipenda mwanzoni. Mama mmoja alisema mbele ya wote: « Zamani asubuhi alikuwa analala, mimi nachota maji. Sasa asubuhi anakimbia, mimi nachota maji. Mimi nimeshinda nini? » Hakukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tunamalizia mbio zetu kwenye chemchemi. Bido zinatungoja pale, na kilomita ya mwisho tunaitembea, kila mtu na lita zake 20. Mama na dada nao wana kikundi chao cha Jumapili jioni, na wengine wao wanatupita kwa mbali.

Kuna watu wawili ambao tunawasimulia wapya. Wa kwanza ni John Stephen Akhwari wa Tanzania. Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka, akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kufika zaidi ya saa moja mbele yake. Akhwari aliingia uwanjani usiku na bandeji mguuni, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Alipoulizwa sababu ya kuendelea, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake ilimtuma kule ili amalize. Wengine wengi walitoka njiani siku ile. Tunaomkumbuka ni yeye.

Wa pili ni wa nchi yetu, Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kirotshe, karibu na Goma. Familia yake ilikimbia vita, ikaishi ukimbizini Uganda, ikafika Cleveland, Marekani. Kule shuleni ndipo alipoanza mbio. Angeweza kubaki. Alirudi Kirotshe kufundisha vijana kukimbia, na mwaka 2016 alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio kwa bendera ya Kongo. Kwenye michezo hiyo hiyo dada yetu Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000. Mtoto aliyeondoka Kivu kwa kukimbia vita alirudi huko kufundisha mbio. Tunapomsimulia, wapya hawaulizi tena maana yake.

Yule mama wa fagio

Leo hatuko tena tisa. Siku zingine tunafika ishirini, siku za mvua tunabaki watano. Hakuna hata mmoja atakayekwenda Olimpiki. Mwepesi wetu anamaliza kilomita kumi karibu na dakika hamsini, na wa mwisho anapita saa moja na nusu. Wote wameandikwa katika daftari moja, kwa mkono wa yule kamarade aliyekaa chini ya mwembe.

Bado tunapita mbele ya yule mama. Mwaka wa kwanza alikuwa anatuangalia na fagio mkononi, bila kujibu salamu. Halafu alianza kujibu. Mtoto wake, yule aliyeshikwa mkono asubuhi ile, siku hizi anatufuata mpaka mwisho wa ua, anacheka, anarudi.

Juma lililopita alitusimamisha. Tulifikiri kuna habari mbaya.

« Leo muko kumi na nane, » akasema. « Juzi mulikuwa kumi na tisa. Mmoja yuko wapi? »

Hatukujua kwamba anatuhesabu. Tulisimama barabarani, tukahesabu wenyewe, kisha tukageuka kupita nyumbani kwa yule ambaye hakufika.